Lakiri ya Rafiki

Rafiki hakunipata mimi. Amewapata wengi. Mganga Mkuu alimpata kwa gari, mtunza stoo kwa kofia, hata mlinzi wa geti alimpata kwa fulana moja ambayo ukiifua mara mbili inakuwa ya mwanawe. Mimi alinitupia kila ndoano aliyokuwa nayo na nikabaki majini nikimpulizia mapovu. Ukitaka mtu asiyenunulika katika hospitali yetu, nenda karakana, uliza Redio.

Redio ndilo jina walilonipa mafundi wenzangu, eti naongea tangu asubuhi na sina kitufe cha kuzima. Na Rafiki si mtu. Ni ile dola kubwa iliyotuletea karibu kila kitu kipya hospitalini, na kila ilicholeta kimebandikwa karatasi ya mikono miwili iliyoshikana, chini yake maneno: Zawadi ya Rafiki. Itazame vizuri hiyo picha. Mkono mmoja una saa, wa pili hauna. Nilimwambia kila mtu, mwenye saa ndiye atakayeamua salamu zimekwisha.

Waliotutawala walikuwa wengine. Hao waliondoka babu zetu wakiwa vijana. Huyu alikuja baadaye na wimbo mmoja: sisi hatujawahi kumtawala mtu, sisi wenyewe tulionewa kama ninyi, basi tu ndugu. Alikuja kama mwanamume anayeposa mjane kwa kumsengenya marehemu. Yote anayosema juu ya mume wa kwanza ni kweli; ila hajasema yeye atakuwa mume wa namna gani.

Karakana yetu iko nyuma ya chumba cha kufulia, na tulikuwa watatu. Mkubwa wetu alikuwa mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, aliyenichukua nilipomaliza sekondari nikiwa na cheti mkononi na akili, kama alivyosema, ikiwa bado dukani. Miaka thelathini na mbili alikuwa akifufua vitanda, pampu, taa za upasuaji na feni. Wa pili alikuwa Cheche, mchomeaji, mtu mnene mwenye huruma, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kumpenda Rafiki.

"Wewe Redio," alikuwa akiniambia tukinywa chai, "asubuhi unapokuja kazini unapita juu ya nini? Juu ya matusi yako? Si juu ya lami yake?"

"Napita juu ya barabara iendayo mgodini, ambayo kwa bahati mbaya ilitukuta njiani."

"Na hiyo wodi ya akina mama? Nayo inaelekea mgodini?"

"Ile ni sadaka ya mchimbaji. Ukiiba ng'ombe, si vibaya kumwachia mwenye zizi kwato achemshe supu."

"Unaona? Angekuja na mjeledi ungemheshimu. Amekuja na saruji unamtukana."

"Cheche, waliokuja na mjeledi nao walijenga. Hii hospitali yenyewe ni yao. Kwa hiyo tuwaandikie barua warudi?"

Hapo Cheche hukasirika, chai humpalia, na Mjomba huingilia kati. Yeye hakuwa mtu wa hotuba. Alikuwa na kipimo kimoja tu. "Rafiki akikupa sanduku," alisema, "atakupa na ufunguo. Akibaki na ufunguo, hilo sanduku bado ni lake, wewe umegeuzwa kabati."

Sanduku lenyewe lilikuwa Sufuria. Ndivyo tulivyoita ile mashine kubwa ya Rafiki iliyotakasa vyombo vya upasuaji kwa mvuke. Iliagwa kwao kwa bendera na kupokewa kwetu kwa bendera. Kwenye ubavu wake palikuwa na kifuniko cha bati, na juu ya ukingo wa kifuniko karatasi ya rangi ya fedha, lakiri, iliyobandikwa nusu kwenye bati na nusu kwenye mwili wa mashine ili ukifungua ichanike. Mkataba ulisema asiyetumwa na Rafiki asiiguse. Mtaalamu wao angekuja kila baada ya miezi sita. Sisi mafundi tuliruhusiwa kufuta vumbi.

Mwezi wa pili tangu mtaalamu aondoke, Sufuria ilizimika. Barua iliandikwa. Baada ya wiki tatu lilikuja jibu la mistari miwili: wanatuthamini sana, tuwe na subira. Wakati huo vyombo vya kupasulia akina mama vilichemshwa jikoni, katika madebe ya bati yaliyozoea maharage, na muuguzi mkuu alisimama juu yake kama mtu anayelinda maiti. Akina mama wawili vidonda vyao vilioza. Hawakufa, lakini walikaa wodini mpaka watoto wao wakajifunza kucheka.

"Tuifungue," nilisema.

Mjomba alikuwa akinoa bisibisi kwenye jiwe. "Tungoje."

"Tungoje nini? Subira wanayotutumia haina hata stempu."

"Nimetia sahihi kwamba hatutaigusa."

"Mjomba, wewe unawaogopa."

Nilisema mbele ya Cheche, makusudi. Nikaongeza kwamba waliokuwa hapa kabla yake hawakungoja ruhusa ya mtu, na nikamwonyesha kwa kidole ile mashine ya zamani iliyokuwa imelala nyuma ya mlango wa karakana.

Hapo lazima nieleze jambo la kwetu. Ile mashine ya zamani iliachwa na wakoloni. Walipoondoka walichukua kitabu chake cha maelekezo, wakafikiri tutaitazama kama mlima. Mafundi wa wakati ule waliifungua, wakaisoma kwa macho na vidole, ikafanya kazi miaka mingine ishirini na tisa. Na kila ilipofunguliwa, mkubwa wa karakana alichukua msumari akakwaruza ndani ya kifuniko chake tarehe na alama yake. Haijalishi mkono wa nani ulishika bisibisi. Anayeweka alama ni mkubwa, kwa sababu mambo yakiharibika anayeulizwa ni mkubwa. Ndani ya kifuniko kile kuna alama za wakubwa watano: msalaba, nusu mwezi, jembe, ngazi, na pembetatu yenye nukta katikati. Pembetatu ni ya Mjomba. Tangu hapo kila mashine iliyofunguliwa karakana yetu ina alama ndani. Ni kama kumpa mtoto jina. Hakuna fundi wetu anayefunga kifuniko kikavu.

Mjomba aliitazama mashine ya zamani. Akaacha kunoa.

"Lete mwanga," akasema.

Lakiri niliichana mimi. Nataka hilo lieleweke. Niliichana kwa kucha, polepole, nikicheka, nikamwambia Cheche aisikilize inavyolia kama suruali ya balozi. Bisibisi nilishika mimi. Mjomba alisimama nyuma yangu akiniambia geuza huku, vuta ule waya, usilazimishe. Ugonjwa tuliupata kabla chai haijapoa: swichi inayopeleka moto kwenye maji ilikuwa imeungua, imekuwa nyeusi kama jino bovu. Tukang'oa ya ile mashine ya zamani, tukaisugua, tukaikaza kwa vipande viwili vya bati alivyokata Cheche. Sufuria ikakohoa, ikaunguruma, mvuke ukapanda. Mama aliyekuwa akisafisha vyumba vya upasuaji, tunayemwita Mama Dawa kwa sababu nguo zake hunuka dawa ya sakafu hata siku ya harusi, aliweka ndoo chini akapiga makofi mara tatu.

Kisha Mjomba akachukua msumari. Akakwaruza tarehe na pembetatu na nukta yake ndani ya kifuniko cha Rafiki.

"Ikuze," nilimwambia. "Waione mpaka kwao."

Akacheka. Mjomba hacheki ovyo.

Kwa wiki saba Sufuria ilifanya kazi, na kwa wiki saba mimi sikunyamaza. Nilihubiri kwenye foleni ya dawa, nilihubiri chooni. Nilisema Rafiki anatufanyia urafiki wa mganga na mgonjwa: hapendi ufe, lakini ukipona kabisa atakula nini. Watu walicheka. Ni kitu kitamu, kuchekewa.

Sasa, lugha ya Rafiki naijua. Mjini wana jumba la kusomea, vitabu hadi darini, hewa baridi, masomo ya bure kila Jumamosi. Nilikwenda miaka mitatu. Nilimwambia Cheche nakwenda kumsoma adui. Biskuti zao nilikula kwa nia hiyo hiyo.

Basi msafara ulipokuja ghafla, wakati mkalimani wao amebaki hotelini na homa, Mganga Mkuu alituma niitwe mbio. Nilivua koti la kazi, nikapaka mate nyusi, nikaingia chumba cha Sufuria. Alikuwepo Mganga Mkuu akijifuta jasho. Mkuu wa msafara, mwanamke mfupi mwenye miwani na sauti laini ya kubembelezea mtoto. Mtaalamu wao mwenye sanduku la zana. Na mpiga picha. Mjomba alisimama kando ya mashine, shati limepigwa pasi, kama baba mbele ya mwalimu. Mama Dawa alikuwa pembeni kapiga goti akikausha maji sakafuni. Hakuna aliyemwambia atoke. Hakuna aliyemwona.

Mtaalamu aliiona lakiri kabla hajamaliza kusalimia. Akatoa bisibisi, akafungua kifuniko, akakigeuza kwenye mwanga. Pembetatu ikang'aa. Alichungulia ndani, akaitazama swichi yetu ya kale iliyokazwa kwa bati la Cheche, na nikaona usoni mwake jambo ambalo sikulitarajia: aliona kazi ni nzuri. Lakini hakulipwa kuona hivyo.

Yule mwanamke hakuuliza lolote juu ya mashine. Alinigeukia mimi, akaniuliza lugha yao nimeisomea wapi. Nilimwambia. Akasema naisema kama mtu wa mji wao mkuu. Akasema wana nafasi ya mafunzo kwao, mwaka mzima, ufundi wa mashine za hospitali, na kwa nchi yetu nafasi ni moja tu. Wanatafuta kijana anayeelewa. Wanahitaji, alisema, marafiki wa kweli mahali kama hapa. Yote hayo akitabasamu, na kifuniko kikiwa wazi katikati yetu.

Ndipo akaniuliza, kwa upole ule ule, "Hii alama ni ya nani?"

Kulikuwa na njia ya kumjibu. Ningesema ni ya karakana. Ningesema sijui. Ningesema kweli, kwamba kucha zilizochana lakiri ni hizi hapa. Nilitazama kando nikamwona Mjomba amenikazia macho, akingoja nimtafsirie, hajui hata neno moja.

Nikasema kwa lugha yao: "Ni ya huyu mzee. Mimi nilimkataza, akanitukana. Kichwa chake ni cha zamani, hafundishiki."

Maneno yalitoka bila kukwama. Mwalimu wangu wa Jumamosi angefurahi.

"Wanasemaje?" Mjomba akauliza.

"Wanasifu kazi," nikamwambia. "Wanauliza alama ni ya nani."

Mjomba akavuta pumzi, kifua kikapanda. Akapiga hatua mbele, akaweka kiganja juu ya pembetatu. "Waambie ni yangu. Na waambie swichi imetoka kwenye mashine iliyozaliwa kabla yao wote."

Nilitafsiri nusu ya kwanza. Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama hakimu. Mpiga picha akampiga Mjomba picha tatu, kiganja chake kikiwa pale pale.

Barua ilikuja siku ya tisa. Kwa mujibu wa mkataba, fundi aliyevunja lakiri asiguse tena mashine yoyote ya zawadi. Na nani asiyejua kwamba hospitalini kwetu kisichokuwa zawadi ni nyasi? Basi wakampa nyasi. Mjomba, akiwa amebakiza miaka mitatu astaafu, alihamishiwa kusimamia wafyekaji wa uwanja. Sufuria ilifungwa lakiri mpya, wakaing'oa swichi yetu wakaondoka nayo ndani ya mfuko wa plastiki, mpya ikawa njiani. Vyombo vikarudi jikoni, kwenye madebe ya maharage.

Siku hiyo hiyo nami nilipata barua yangu kutoka kwa Rafiki. Niliisoma mara nne na kuiweka chini ya godoro. Sikuona kwamba ni wakati wa kuitaja.

Jumapili watu walikwenda kumpa pole Mjomba nyumbani kwake. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono mapajani, mikono ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa na rangi ya grisi. Mkewe alipitisha chai. Cheche alikaa sakafuni na alikuwa amebadilika kabisa. Alisema fulana ya Rafiki ameifanya tambara la kufutia baiskeli, na kwamba mimi nilisema tangu zamani na yeye hakusikia.

"Tueleze ilivyokuwa mle ndani, Redio," akaniomba. "Wewe ulikuwepo."

Nami nikawaeleza, bwana. Nilisimama. Niliigiza sauti laini ya yule mwanamke, nikaigiza mtaalamu anavyonusa kifuniko kama paka kwenye dagaa. Nilisema hawakuuliza swali, walikuja na hukumu mfukoni. Nilisema huyo ndiye Rafiki: mkoloni alikupiga akakwambia nakupiga, huyu anakupiga akikushika mkono. Watu wakaguna. Mzee mmoja jirani akasema kijana ana kichwa.

"Na wewe hukusema kitu?" mke wa mjomba akaniuliza.

"Nisiseme, mama? Nilimwambia usoni. Nilimwambia aliyechana hiyo karatasi ni mimi, mkitaka kumfukuza mtu nifukuzeni mimi, huyu mzee ndiye amewashikia hospitali miaka thelathini na mbili. Akajifanya hasikii. Wao husikia wanalotaka."

Mke wa mjomba akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Mungu akuzidishie, mwanangu." Akanimiminia chai mimi kwanza kabla ya jirani.

Mjomba alinitazama, na uso wake ukalegea kidogo, kama mtu aliyepata mahali pa kuegemea.

"Hukuniambia," alisema.

"Mjomba, mambo mengine mtu hajisifu."

Mama Dawa alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuja amechelewa kutoka zamu. Sasa akaweka kikombe chake chini.

"Hayo ulimwambia kwa lugha yao?" akauliza.

"Kwa lugha gani tena, mama yangu? Yetu haijui."

"Hebu yaseme hapa kama ulivyoyasema. Tusikie inavyolia."

Watu wakacheka, wakadhani anataka burudani. Nikayasema: lakiri niliichana mimi, nifukuzeni mimi. Niliyasema vizuri, kwa mkazo, na nusura niyaamini.

"Hayo si uliyoyasema," akasema Mama Dawa.

Kisha akafungua kinywa akasema kwa lugha ya Rafiki. Hakuisema kama mimi, kwa matamshi ya Jumamosi. Aliisema haraka, laini, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Ni ya huyu mzee. Mimi nilimkataza, akanitukana. Kichwa chake ni cha zamani, hafundishiki. Hakuacha hata neno.

Chumba kizima kilikuwa hakijui alichosema, isipokuwa mimi.

"Umejifunza wapi?" Cheche akamuuliza, mdomo wazi.

"Wale wahandisi wa barabara walipokuwa kambini, miaka kumi na mmoja niliwalelea watoto. Wawili waliniita mama kabla hawajamwita mama yao." Alikuwa akizungumza na Cheche, lakini macho alinikazia mimi. "Hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua. Huyu naye hakuniuliza, alikuwa amesimama juu ya kitambaa changu cha kukaushia."

"Mama, pengine hukusikia sawasawa, mashine ilikuwa inapiga kelele," nikaanza.

"Mashine ilikuwa imezimwa."

Mjomba akainua mkono kidogo. "Amesema nini?" alimuuliza yeye, siyo mimi.

Mama Dawa akamwambia kwa lugha yetu, sentensi moja moja, bila kuongeza chumvi. Alipofika mwisho akamwambia na lile la nafasi moja ya mafunzo, na tabasamu la yule mwanamke, na jinsi nilivyomtafsiria Mjomba kwamba wanasifu kazi. Cheche alikuwa ananitazama kama mtu aliyeuma jiwe ndani ya wali. Jirani aliyesema nina kichwa alikuwa akitafuta viatu vyake kwa miguu.

Mjomba hakupandisha sauti. Alionekana kulifikiria jambo moja tu kati ya yote, akiligeuzageuza kama anavyogeuza swichi asiyoielewa.

"Nilikutukana lini?" akaniuliza.

Mkewe akaja, akainama, akakiondoa kikombe changu mbele yangu. Kilikuwa bado kimejaa.